Benedicte na Matembezi ya Bwesumbu

Nyuma ya soko, Bwera,
Wilaya ya Kasese.
Tarehe 6 Februari 2025

Mpendwa shemeji yangu Katembo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako Elise. U hali gani huko uliko? Kile kichwa chako cha asubuhi kimepoa, au bado unakifunga kitambaa kama bibi harusi? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunahangaika. Elise mgongo unamsumbua lakini sokoni anakwenda. Mimi goti la kushoto limeanza kukataa amri, na unajua nisivyopenda mtu wa kukataa amri. Zaidi ya hayo tunamshukuru Mungu.

Najua utakicheka Kiswahili changu. Siku ya kwanza nilipokuja kwenu kumposa Elise ulisema hiki ni Kiswahili cha kupigia kwata, si cha kuombea mke. Haya, cheka. Ningefurahi sana kujua kwamba umecheka.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani. Achille, yule wa Butembo mwenye lori la vitunguu, ndiye atakayeibeba barua hii. Zile mbili za kwanza alizirudisha kama zilivyo, hakuona mtu wa kumpa, kijiji kimehama chote. Sijui kama hii itakukuta. Sijui hata kama yupo wa kukutwa. Lakini jambo lenyewe ni la mwanao, na wewe ndiye mwenye mwana, kwa hiyo naandika.

Nikutangulizie moja usije ukaanguka: Benedicte yu hai. Anakula, amerefuka, lile gauni ulilomleta nalo sasa halipiti mabegani. Ila shemeji, tumemharibu. Ukimwita haitiki, na siku hizi hasemi kabisa, si kwangu, si kwa Elise, si kwa mtu yeyote. Sikutaka uyasikie haya kwa watu wa mpakani ambao kila habari wanaitia chumvi. Nisome mpaka mwisho, hata ukikasirika.

Unaikumbuka siku ulipomvusha mpaka pale Mpondwe. Ulimkabidhi kwa Elise, ukanywa maji ukiwa umesimama, ukasema unarudi kumtafuta mama yake. Kabla ya kuondoka uliinama ukamwambia kitu sikioni. Mimi sikukisikia. Elise ndiye aliyenieleza baadaye, maana ulikuwa umemsimulia yote: kwamba wale watu wa msituni walipoingia kijijini ulimlaza mtoto kati ya miti ya kakao, ukamwambia asiitike sauti ya mtu, hata iwe ya mama yake, kwa kuwa wale humkamata mama wakamlazimisha kuita watoto. Asubiri wewe mwenyewe uje umwite. Na kweli sauti ya mama yake iliita, na mtoto akanyamaza. Ukaja wewe, ukaita, akaitika, akapona. Pale mpakani ukamrudishia maneno yale yale.

Sikulaumu, Katembo. Nasema tena, sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningemfundisha hivyo hivyo, tena kwa ukali kuliko wewe. Mtoto yu hai kwa sababu ya neno lako.

Sasa nikueleze habari ya matembezi, maana yote yameanzia hapo. Nilipostaafu jeshi niliona kwamba kazi moja tu ninaijua vizuri, nayo ni kutembea. Watoto wa kambi ya jeshi ya hapa walikuwa wakishinda Jumamosi nzima kwenye vibanda vya video sokoni, wanatoka wamevimba macho. Nikawakusanya, nikaongeza na wa wafanyabiashara wa Kikongo hapa mtaani, tukawa tunapanda vilima vya huku, tunafuata mto Lhubiriha, tunarudi jioni tumechafuka kama nguruwe. Elise akawa ananicheka: "Omara, unaenda tena na promenadi yako? Watu wazima beko nalima, wewe iko natembeza watoto kama mbuzi."

Sheria zangu zilikuwa chache. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Usicheke aliyechoka. Mwenye miguu mifupi ndiye anakaa mbele na ndiye anatupa mwendo, na mimi nakaa nyuma kabisa ili asibaki mtu. Kila tukisimama napiga filimbi, nasema "Hesabu!", nao wanaitika namba zao kama askari. Walipenda hiyo hesabu kuliko chakula. Vitoto vya koplo na vya wauza vitunguu, vinapiga kelele mlimani mpaka nyani wanahama.

Benedicte ndiye aliyekuwa na miguu mifupi kuliko wote. Alikaa mbele. Nyuma yake alikaa Lakot, binti wa koplo mmoja Mwacholi, mtoto mwenye mdomo, Mungu wangu, mdomo ule haupumziki hata akiwa na chakula ndani. Tulipoanza, Benedicte hakuitika namba yake. Nilisubiri, kimya. Lakot akaona nitakasirika, akapaza sauti, akazitaja mbili kwa mpigo, ya mwenzake na yake. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Ikawa ndiyo desturi, kila hesabu Lakot anaitikia wawili. Niliona ni upendo. Ni upendo kweli, sijabadili neno hilo hata sasa.

Na shemeji, mtoto alikuwa anapona! Sikudanganyi. Ukimwita haitiki, lakini usipomwita anasema mwenyewe. Siku moja nimeketi nafunga buti, akaja taratibu akaniambia: "Afande, kinyonga iko nakuangalia." Nikageuka, kweli, kinyonga mwenye pembe kama kifaru yuko kwenye kijiti karibu na sikio langu, ananitazama kwa jicho moja. Nilishtuka nikaanguka kwenye tope kwa makalio. Alicheka! Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Elise, Elise akalia jikoni kwa furaha. Baada ya hapo alikuwa ananionyesha kila kitu, mjusi, uyoga, ndege wa mkia mwekundu, matunda ya porini ambayo yeye alijua yapi yanaliwa na mimi nisijue. Nikaamini kwamba nikimtembeza Jumamosi za kutosha, siku moja nitaita "Benedicte!" naye atasema "Naam." Ndilo tu nililolitaka.

Basi mwezi wa kumi na moja nikawaahidi theluji. Tunakaa chini ya mlima huu miaka yote, na vitoto hivi vinaiona theluji kwenye kalenda tu. Achille alikuwa anapanda Bwesumbu kununua vitunguu, akakubali kutubeba kwenye lori likiwa tupu. Tukaondoka na giza, tukapita Kasese mjini watu wanafungua maduka, mpaka barabara ya lori ikaisha. Achille akabaki na mizigo yake, sisi tukashika njia ya miguu kati ya mashamba ya kahawa.

Tuliiona. Wingu lilifunguka, theluji ikatokea juu kule, nyeupe hasa, watoto wote wakanyamaza. Lakot tu ndiye aliuliza kama inalambwa. Benedicte alinishika kidole. Halafu wingu likafunga, upepo ukabadilika, na mimi ninayeijua mvua ya mlima nikajua hatuna muda.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa jeshi. Njia ilikuwa nyembamba, mvua imekuja, watoto wako kwenye mstari. Mdomo wangu ukatoa wenyewe: "Nyuma, geuka! Haraka mbele, tembea!" Mstari mzima ukageuka. Aliyekuwa wa mwisho, yaani mimi, nikawa wa kwanza. Aliyekuwa wa kwanza akawa wa mwisho, na nyuma yake hakuna mtu mzima. Miaka yote nimeitoa amri hiyo kwa wanaume wenye bunduki, sikuwahi kufikiri nani anabaki nyuma.

Ukungu ulikuwa mzito hata mikono yako huioni vizuri. Nilisimama mara moja nikapiga filimbi, nikasema hesabu. Namba zikaja zote, zimekamilika. Lakot aliitikia wawili kama kawaida. Hakugeuka kutazama, na kwa nini angegeuka? Tulifika kwenye lori tumelowa, nikawapandisha mmoja mmoja kwa mkono, na mkono ukabaki hewani. Lakot akatazama nyuma yake, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza mtoto yule hakuwa na neno.

Tulirudi juu mbio, mimi, Achille na watu wa mashamba yale. Tuliita. Shemeji, uliwahi kunisikia nikiita? Sauti yangu ilikuwa inafika mwisho wa uwanja wa kwata bila spika. Niliita Benedicte, niliita Bene, niliita kwa Kiswahili chenu na kwa Kilango changu. Watu wakaita kwa Kikonzo. Mlima mzima ulikuwa unaita jina la mwanao mpaka giza likatufukuza. Na kadiri tulivyoita ndivyo tulivyomlaza chini. Fikiria mwenyewe: ukungu, watu wengi hawaonekani, sauti za wanaume zinataja jina lake kutoka kila upande. Alifanya ulichomfundisha. Alilala akasubiri.

Aliyempata ni mama mmoja wa pale, Edisa, kulipopambazuka. Edisa hakuwa ameambiwa jina la mtoto, ndiyo maana hakuita. Alikwenda zake kukata majani ya mabingobingo ya kulisha mbuzi ukingoni mwa shamba, akaona mguu. Alimbeba mgongoni mpaka tulipokuwa. "Mutoto wenu iko huyu. Iko mzima, lakini iko baridi sana." Nilikwenda kuangalia pale alipolala. Alama za buti zangu zilikuwa palepale kwenye tope, zimejaa maji. Nilikuwa nimesimama juu yake nikiita. Mkono wangu ungeweza kumgusa, kama ningenyamaza nikainama.

Homa ilimshika, ikamwachia. Hakuna mfupa uliovunjika. Alimwambia Elise neno moja tu: "Papa alisema." Elise hakumuuliza zaidi.

Matembezi yameisha. Wazazi wamekataa, na wana haki. Afande mkubwa wa kambi aliniita, mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika bunduki, akaniambia, "Mzee Omara, hakuna tena kutembeza watoto. Umesikia?" Nikasema ndiyo afande. Jumamosi sasa nakaa nyumbani natengeneza viti ambavyo havijavunjika. Watoto wamerudi kwenye video.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Subiri, nakuja.

Baada ya siku ile Benedicte alizidi. Zamani haitiki tu, sasa ukimwita aje kula anajificha. Elise alikuwa anamtoa chini ya kitanda kila jioni, chakula kimepoa. Elise akakonda. Ndipo lilipomjia wazo kuhusu ndugu yako Ephraïm, ambaye siku hizi yuko hapa Bwera anashona viatu. Wewe na Ephraïm mna sauti moja, hata mimi mkiongea gizani sitambui nani ni nani. Elise akasema, "Ephraïm amuite mara moja tu. Mutoto ataitika. Kisha tutamueleza kama papa yake ndiye ametuma sauti, amemfungua, anaweza kuitika watu sasa. Mara moja tu, Omara."

Nilikataa. Nilimwambia Elise kwamba hivyo ndivyo walivyofanya wale. Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona, akasema wale waliita ili waue, sisi tunaita ili mutoto akule. Nilikuwa nimechoka, shemeji. Nikanyamaza, na ukimya wangu wakaufanya ruhusa.

Ilikuwa mchana, Benedicte amekaa uani anapukuchua maharage. Ephraïm akasimama nyuma ya uzio wa jirani. Akamwita aje: "Bene! Bene wangu, kuya!"

Katembo, aliitika. "Papa! Papa, niko hapa! Niko hapa!" Sikuwa najua kwamba mtoto yule ana sauti kubwa namna hiyo. Aliruka, maharage yakamwagika uani kote, akazunguka uzio mbio na mikono imenyooshwa. Kisha akamwona Ephraïm.

Hakulia. Laiti angelia! Alisimama, akamtazama uso Ephraïm muda, Ephraïm akijaribu kueleza na machozi yanamtoka. Halafu mtoto akarudi, akapiga magoti, akaanza kuokota maharage moja moja. Tangu siku hiyo hajatamka neno. Lakot anakuja, anakaa naye, anamsimulia mambo ya shule mpaka yeye mwenyewe anachoka na kwenda kwao. Mtu yeyote akitaja jina lile, hata kwa mbali, hata kama ni Benedicte mwingine, mwanao anaziba masikio. Ephraïm naye siku hizi anaongea kwa kunong'ona, mtu mzima, anaogopa koo lake mwenyewe.

Limebaki jambo moja, na ni gumu kuliandika. Kuna mama aliyevuka mwezi uliopita, alimwambia Elise kwamba alihudhuria misa ya watu waliokufa njiani, na jina lako lilisomwa. Hakuuona mwili, alisikia jina tu. Elise amekataa kuamini. Lakini wazee wa kwenu walioko hapa wamekaa, wamesema mtu hawezi kuachwa bila kuliliwa. Jumamosi hii tutakuzika. Tutazika shina la mgomba mahali pako, kama wafanyavyo watu wa huku mtu asipopatikana, katekista atasali, na tutakula maharage. Mimi ndiye nimepewa kuchimba. Nimekubali, maana Jumamosi sina kazi nyingine.

Kama uko hai, shemeji, utuwie radhi kwa kaburi hilo. Na kama umekufa, sijui ninamwandikia nani, ila Elise ameniambia niandike, na mimi nimezoea kutii.

Elise anakusalimu sana, anasema hajanyoa nywele za msiba na hatanyoa mpaka akuone wewe au maiti yako. Ephraïm anakusalimu, anakuomba msamaha, sikumwambia kama nimeuandika. Lakot anakusalimu ingawa hakujui, anasema yeye ndiye rafiki wa Benedicte. Achille atakusalimu kwa mdomo wake akikuona. Benedicte hakukutumia salamu. Nilimuuliza nikiwa nimechuchumaa mbele yake, bila kumtaja jina, akaiangalia karatasi, kisha akaigeuza uso chini.

Mungu wa kwenu na wa kwetu akulinde mchana na akufunike usiku, akupe njia isiyo na watu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukifika, ukiwa umefika kweli, usimwite. Ile sauti yako uliyomwachia tumeitumia sisi, imekwisha. Ingia kimya, pitia mbele anakokuona, tembea mpaka alipo, ukae chini. Umwache akutazame uso. Itachukua muda, usiseme kitu.

Mimi shemeji yako ninayekupenda, hai au vinginevyo,

Omara